Ndama wa Kompyuta

Mtu akinipa kitu na kuniambia "chukua tu, ni zawadi," huwa namuuliza palepale anataka nini. Watu wananiona sina adabu. Na wanione hivyo. Nilijifunza kuuliza swali hilo Kasulu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kwa sababu ya kompyuta kuukuu ya kuchezea gemu, na sijaona sababu ya kuliacha.

Kompyuta yenyewe alinipa baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la misaada kule Kibondo, wakati Kibondo nzima ilipojaa magari meupe na watu waliovaa redio za upepo kiunoni. Ofisi yao ilipoletewa mashine mpya, zile za zamani waligawana wafanyakazi. Yeye akaangukiwa na kompyuta ya aina ya 486 yenye sanduku la rangi ya maziwa yaliyokaa, skrini iliyohitaji watu wawili kuibeba, na kibodi iliyong'oka herufi R. Hakujua hata kuiwasha. Ikakaa chini ya kitanda chake mpaka siku aliyopata lifti ya gari la ofisi kuja Kasulu, akaishusha mbele ya kijichumba nilichopanga karibu na soko, ambako nilikuwa napiga chapa barua za watu kwa taipureta.

"Wewe si ndiye unayependa vitu vya kubonyezabonyeza?" akasema. "Chukua. Mimi inanijazia nyumba."

Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikapiga goti kama binti aliyelelewa. Kwa akili yangu, shukrani ilikuwa imekwisha hapo.

Wakati huo umeme wa Kasulu ulikuwa wa mwenye jenereta. Chumba changu kilipakana na banda la video la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, mtu wa maneno machache mwenye ndugu zake Tanga, na tulikubaliana nivute waya kwake, nami nimpigie chapa barua zake zote za mizigo. Ndani ya kompyuta kulikuwa na gemu la mbio za magari, sijui aliliacha nani wa kule ofisini. Nililicheza mpaka vidole vikaota sugu. Halafu madereva wa mashirika wakaanza kuja kulicheza na wao, kwa malipo. Watu hao walishinda kutwa wanaendesha magari kwenye vumbi la Kibondo na Titye, wakishuka, wanakuja kuendesha mengine ya uongo, tena kwa makelele. Taipureta nikaisogeza pembeni. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho mtu akikitaka ilibidi aje aniombe mimi.

Sasa nieleze kosa. Na kosa hilo alilifanya baba yangu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, kwa upole wake huohuo.

Kwetu Uha, mtu akikupa ng'ombe hajamalizana na wewe. Tunasema amekugabira. Ng'ombe analala kwako, maziwa unakunywa wewe, samadi unatia kwenye migomba yako. Lakini akizaa, ndama anarudi kwa aliyekupa, na wewe mwenyewe unakuwa mtu wake. Akiezeka nyumba, unakwenda. Akilima, unakwenda, hata kama shamba lako bado ni pori. Na kinachofunga jambo hili ni pombe. Aliyepewa anampelekea mtoaji rwagwa, pombe yetu ya ndizi, na kumshukuru kwa maneno maalumu mbele ya watu. Usipopeleka, umepewa kitu tu kama unavyopewa muhogo njiani.

Baba yangu aligabiwa ng'ombe na kaka yake siku alipooa. Ng'ombe yule alishakufa zamani, lakini zizini kwetu kijijini Heru Juu alikuwapo mjukuu wake, ambaye baba mkubwa alituachia, na kamba ilikuwa ileile. Utoto wangu wote nilimwona baba akiacha maharage yetu yaungue na jua kwa sababu kwa baba mkubwa kulikuwa na uzio wa kurudishia. Baba mkubwa alipohamia Kibondo kufuata kazi, tulidhani tumepona. Wapi. Alianza kumwita kwa salamu za madereva: njoo unifyatulie tofali, njoo unikatie nguzo. Na baba alikwenda, na begi lake la plastiki, bila kunung'unika. Mama ndiye aliyenung'unika, jikoni, peke yake.

Basi baba alipoiona kompyuta ile, alifikiri siku mbili tatu. Kisha akamwambia mama asindike ndizi. Pombe ilipoiva, alipakia dumu kwenye gari la mizigo, akaenda Kibondo kumshukuru kaka yake. Hakuniambia. Kwa macho yake mimi nilikuwa nimepewa kitu kikubwa na ndugu mkubwa, na sikuwa nimekwenda kushukuru inavyopasa. Akafunika aibu yangu. Aliwaita na majirani. Akasimama, akasema maneno ya ng'ombe, yote, kwa Kiha, kuhusu kompyuta.

Mama aliponisimulia, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimeelewa.

Msimu wa mvua ulipokaribia, dereva mmoja aliyetoka safari ya Dar aliniletea flopi zimefungwa kwa mpira, bunda zima la diski hizo, na ndani yake gemu la mpira wa miguu. Niliziingiza moja moja kutwa. Mwisho wa yote mashine ikaniandikia kwamba memori haitoshi. Tena mashine yenyewe ilikuwa bubu. Haikuwa na kadi ya sauti, ilijua kulia "pip" tu. Niliikodolea macho sentensi ile ya kwenye skrini kwa hasira ambayo sikuwa nayo hata kwa wanadamu. Huko kwenye gemu la magari madereva walianza kuchoka. Na kulikuwa na mwenzangu mmoja mtaa wa juu aliyenunua zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni. Nisipoongeza kitu ndani ya ile kompyuta, ningerudi kwenye taipureta kabla ya Krismasi.

Fedha sikuwa nayo. Nilikuwa na redio yangu ya mkono, nzuri, na gunia la maharage kutoka kipande changu cha shamba Heru Juu. Kulikuwa na Mkongomani mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, fundi redio, aliyekuwa anapanga vitu vyake kwenye kanga chini ya upenu wa soko: vipuli vya redio, nyaya, na siku hiyo vibao vinne vya memori amevifunga kwenye karatasi ya fedha ya sigara.

"Memuare hii iko muzuri, mama," aliniambia. "Haina panne. Nilitosha mimi mwenyewe ku masini ya biro." Yaani aliitoa mwenyewe kwenye mashine ya ofisi, na haina hitilafu.

"Nikiweka ikakataa?"

"Ikikatala unarudisha. Mi nitakwenda wapi? Niko mukimbizi, niko hapa tu."

Alichukua redio na gunia zima. Niliona uchungu wa redio ile kwa wiki kadhaa, maana bila redio chumba kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Kadi ya sauti niliipata kwa jirani yangu mwenye jenereta. Alimwagiza ndugu yake wa Tanga, ikaja ndani ya katoni la sabuni, nami nikamlipa kwa kumpigia chapa na kumpangia hesabu zake za mwaka mzima.

Niliifungua mashine mchana, mlango nimeufunga. Nikachomoa vibao vya zamani, nikavifunga kwenye karatasi ileile ya sigara, nikaviweka kwenye kopo la maziwa. Kwetu hakitupwi kitu. Nikavichomeka vipya. Ikawaka, ikapiga milio mitatu, ikazimika. Nikavitoa, nikavisugua meno kwa ufutio wa penseli kama alivyonielekeza yule Mkongomani, nikavirudisha. Ikahesabu memori, ikapita pale ilipokuwa inakomea zamani, ikaendelea kuhesabu. Nikaingiza kadi ya sauti. Nilipowasha gemu, uwanja mzima wa watu ulipiga kelele ndani ya chumba changu, na jirani yangu aliacha video yake akaja kusimama mlangoni. Nilikaa chini, nikalia. Nilikuwa na furaha sana, wala sioni haya kusema hivyo.

Baada ya hapo hapakukalika. Madereva walikuja, walimu wa sekondari walikuja, makarani walikuja na soda zao. Na habari ikafika Kibondo, kwa madereva haohao.

Baba mkubwa alikuja Jumapili. Hakupita kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja Heru Juu, akaagiza niitwe. Nilimkuta kwenye kiti chenye mto, baba kwenye kigoda. Mama alikuwa anamenya ndizi karibu na mlango wa jikoni, mahali anapokaa anapotaka kusikia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa ng'ombe wetu amenenepa."

Nilidhani anamsema yule wa zizini. Nikamwambia majani si haba mwaka huu. Akacheka.

"Nasema yule wa Kasulu. Yule wa umeme. Naambiwa amezaa."

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Kompyuta haizai, baba mkubwa," nikasema.

"Nilipokupa ilikuwa hivi," akasema, na mkono akauweka usawa wa goti. Akaupandisha mpaka kifuani. "Leo iko hivi. Hicho kilichoongezeka katikati kimetoka wapi, kama si kwenye tumbo lake? Kilichoongezeka ndicho ndama. Mimi sitaki kitu kingine. Ng'ombe endelea naye. Ofisini kwetu kuna wazungu wanauliza hiyo memori, na hiyo sauti. Uvifunge vizuri, uniletee Kibondo."

"Nimevinunua kwa redio yangu. Kwa maharage yangu. Kwa kazi ya mikono yangu."

"Na hiyo redio uliyoipata, hiyo kazi, uliipata wapi? Kwa maziwa ya ng'ombe wangu." Akamgeukia mdogo wake. "Au nakosea? Wewe ndiye uliyeleta pombe. Wewe ndiye uliyesema maneno."

Nilingoja baba aseme. Niseme ukweli, nilikuwa na hakika atasema. Mtu ambaye mgongo wake ulipinda kwa nguzo za mwenzake, mtu ambaye hakuwahi kuvuna maharage yake kwa wakati, angeshindwaje kuona? Akasema, bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, mpelekee. Kwetu hatujawahi kudhulumu mtu ndama."

Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini hasira nyingine zote ninazipima kwa ile. Nilimkasirikia mjanja yule kwenye kiti, ndiyo, lakini kwa mjanja unategemea ujanja. Baba ndiye aliyenichoma. Alilisema lile neno "hatujawahi" kwa fahari. Alikuwa anajivunia. Maisha yake yote mtu mwingine amemkalia shingoni, na yeye ameliona hilo kuwa jina jema la kuturithisha sisi.

"Nitakuja Kibondo mwenyewe," nikamwambia baba mkubwa. "Nitakuletea kilicho chako."

Baba akashusha pumzi. Alidhani nimekubali.

Nilirudi chumbani kwangu, nikawaambia madereva leo hakuna mpira, nikafunga mlango, nikafungua sanduku. Nikatoa memori. Nikatoa kadi ya sauti. Nikafuta gemu la mpira. Nikalichukua kopo la maziwa, nikarudisha vile vibao vya zamani, kila kimoja kwenye tundu lake. Hata ile kibodi isiyo na R niliitafuta uvunguni, maana nilikuwa nimeshaazima nyingine. Nilifuta vumbi ndani mpaka kwenye feni. Nilipowasha, ikahesabu memori, ikakomea palepale ilipokuwa inakomea siku ile ya kwanza. Jirani yangu alisimama mlangoni, akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia anisaidie kubeba skrini.

Gari la mizigo lilikwama kwenye tope mara kadhaa kabla ya Kibondo, na kila tuliposhuka kusukuma nilirudi haraka kukaa na ile skrini nikiwa nimeikumbatia. Abiria wenzangu walifikiri ni mali yangu ya thamani. Nilifika mchana. Baba mkubwa alikuwa nyumbani, ana wageni wawili, wenzake wa kazini, na nilifurahi kuwaona. Neno la namna ile linahitaji mashahidi.

Niliiweka mezani kwake, vitu vyote. Akaanza kutabasamu, kisha akaona kwamba ni vingi mno.

"Ndama tu nilisema," akasema. "Hii yote ya nini?"

"Huyu ni ng'ombe wako, baba mkubwa. Nilivyompokea ndivyo alivyo, na kibodi yake hiyo haina R kama ulivyonipa. Mwashe umwone. Hana kidonda, hajakonda."

"Na ndama?"

"Huyu hakuzaa. Vilivyo kwangu nilivinunua."

Wageni wakatazamana. Kumrudishia mtu ng'ombe wake ni kumwambia mbele ya watu kwamba humtaki, si yeye wala wema wake. Kwa umri wangu nilikuwa nimesikia habari hiyo kama hadithi tu; sikumjua aliyewahi kufanya.

"Unanirudishia?" akasema polepole. "Unajua maana yake, binti?"

"Najua. Ndiyo maana nimepanda gari."

"Baba yako amekutuma?"

"Baba hajui."

Hakupiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisema tu kwamba mtoto wa kike hakupaswa kugabiwa tangu mwanzo, kwamba kosa ni lake. Hata kosa alitaka liwe mali yake. Mkewe aliniletea chakula, nikanawa mikono, nikasema nimeshiba, nikaondoka na njaa yangu mpaka Kasulu.

Nilibaki na nini? Nilibaki na vibao vinne vya memori na kadi moja ya sauti ndani ya kopo la maziwa, bila mashine ya kuviweka. Nikarudi kwenye taipureta. Madereva wakahamia mtaa wa juu. Na baba, alipopata habari, hakunigombeza. Alimwambia mama asindike ndizi. Akapakia dumu kwenye gari la mizigo akaenda Kibondo kuniombea msamaha, na akakaa huko anakata nguzo mpaka mahindi yetu yakaliwa na ngedere. Nilisikia habari hiyo nikiwa napiga chapa, na nilibonyeza herufi moja mpaka ikatoboa karatasi.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kuikusanya nyingine. Yule Mkongomani aliniuzia bodi kuu ya kompyuta na prosesa yake, zimetoka kwenye mashine iliyopigwa na radi ikaungua upande mmoja. Alinipa kwa gunia la mavuno yaliyofuata na gauni la mkewe nililomshoneshea. Kisanduku cha umeme kilitoka Kigoma. Skrini nilipata yenye mstari wa kijani katikati usiofutika. Sanduku la kuweka vitu hivi sikupata, na nilichoka kungoja. Nilikwenda kwa seremala nikachukua ubao wa mninga, nikakata ndala kuukuu vipande vidogo, nikaviweka chini ya bodi ili isigusane na misumari, nikaifunga juu ya ubao ule utumbo wote nje, swichi inaning'inia kwa waya. Nikalifungua kopo la maziwa. Memori ile, kadi ile ya sauti. Uwanja wa watu ukapiga kelele tena ndani ya chumba changu.

Madereva walirudi. Waliicheka, wakaiita uti wa mgongo, lakini walirudi.

Baba alikuja kuiona siku ya gulio, ametoka kuuza ndizi. Hakuwa ameingia chumbani kwangu tangu safari yangu ya Kibondo. Nilimpa kiti, akakaa mbele ya ubao ule, kofia mapajani. Aliitazama feni ndogo inavyozunguka. Aliwatazama wachezaji wadogo wakikimbia kwenye skrini, mstari wa kijani ukiwakata katikati. Nilitaka aseme kitu. Mtu mzima kabisa, nilikuwa nangoja baba yangu aseme kitu.

"Hii nayo nani amekupa?" akauliza.

"Hakuna, baba. Nimeinunua. Kipande kwa kipande."

"Hata huu ubao?"

"Hata ubao."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimwona anatafuta mezani, kwenye nyaya, kwenye ubao, kama mtu aliyepoteza kitu na anajua kimo humo.

"Kwa hiyo hakuna wa kumpelekea pombe."

"Hakuna, baba," nikasema, na nilisema kwa furaha, maana nilidhani hatimaye ameona.

Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na huruma ambayo nilikuwa nimeiona akiwatazama yatima kwenye misiba.

"Pole sana, mwanangu," akasema.

Akavaa kofia yake, akaniaga. Alikuwa na safari ya Kibondo kesho yake, kuna choo cha kuchimba. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyoinama kupita chini ya waya wangu wa umeme, kisha nikarudi ndani, nikaongeza sauti ya uwanja mpaka mwisho.